Rangi Iliyobaki Majini

Watu wanadhani bahari ya Dar ni ya bluu kwa sababu sisi wapiga picha tumewadanganya. Ukisimama ufukweni pale Ocean Road asubuhi ya mawingu, maji yana rangi ya chai ya maziwa iliyosahaulika kikombeni, mchanga una rangi ya kiroba, na meli zinazosubiri zamu ya kuingia bandarini zina rangi ya kutu. Bluu tunaitia wenyewe, kwenye kompyuta, tukiwa tumekaa Kariakoo na sahani ya chipsi pembeni.

Mimi Hajira nimeitia hiyo bluu miaka mingi. Nimepiga maharusi walioteleza juu ya mawe na kudai tuanze upya, nimepiga wageni walioshika dafu kama wanambeba mtoto wa watu. Nimeibiwa kamera mbili na mume mmoja, na katika hivyo vitatu nilichokililia ni lenzi.

Basi alipokuja Celina, mwanamke mwenye kampuni ndogo ya kutembeza wageni, nikajua leo nimepata mteja wa aina yake. Alikuwa anafungua ofisi mpya Kariakoo, anataka bango kubwa la picha ya pwani lining'inie kutoka ghorofa ya kwanza mpaka juu ya mlango.

"Sitaki bluu ya uongo, Hajira," akaniambia. "Bluu kila mtu anayo. Nitafutie rangi ya kweli. Nikiipenda, safari ya kupiga picha pwani yote, Tanga mpaka Mtwara, ni yako."

Nikazunguka. Nilikwenda Feri nikapiga samaki. Wanang'aa kweli, lakini nani anamning'iniza samaki mlangoni kwake? Nikapiga miamvuli ya wauza madafu, nikapiga watoto wanaoogelea, nikapiga mpaka kaa. Kila nikifika nyumbani na kuzitazama, naona kazi, sioni rangi.

Halafu asubuhi moja, mawingu yameshuka mpaka unahisi utayagonga na kichwa, nikamwona. Mwanamke amesimama peke yake ukingoni mwa maji, amenipa mgongo, anatazama meli. Amejitanda khanga ya rangi ya chungwa na upepo umeingia ndani yake, umeifungua yote. Maji yalikuwa yamekupwa, yameacha mchanga umelowa na kung'aa kama kioo, na ile rangi ikaanguka chini, ikalala juu ya mchanga ule mpaka karibu na viatu vyangu. Dunia nzima kijivu, na chungwa mbili: moja imesimama, nyingine imelala majini. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Kisha akaivua ile khanga haraka, akaikunja, akaitia kwenye mfuko, akabaki na baibui lake jeusi na kuondoka kwa upande wa pili. Nikadhani anaogopa isije ikalowa.

Sikumfuata. Kazi yetu ina utaratibu wake: uso unaombwa ruhusa, mgongo hauombwi. Nani amewahi kuja kulalamikia mgongo?

Celina aliisogelea ile picha mpaka pua ikakaribia kioo. Kisha akasema, "Hiyo chungwa. Hiyo hiyo." Na mimi, kwa furaha, nikaitupia mtandaoni kila mtu aione.

Ndiyo maana siku ya ufunguzi, asubuhi, nilikuwa kwenye karakana ya Filbert nyuma ya soko, juu ghorofani, nikiangalia bango langu likizaliwa. Filbert ndiye anayechapa nusu ya mabango ya mtaa ule. Ananiita shangazi ingawa amenizidi umri. Mashine ilikuwa inakwenda huku na huku ikilia kama cherehani yenye hasira, na mbingu ya kijivu ilikuwa imeshatoka, kipande kwa kipande, ikifuatiwa na kichwa cha yule mwanamke na ncha za khanga.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamke mwenye nikabu, amevaa nyeusi juu mpaka chini, anahema kwa ngazi.

"Karibu dada," nikasema. "Kama ni picha ya pasipoti, hilo pazia itabidi lipande. Wale wa dirishani hawana utani kama mimi."

Hakucheka. Alikuwa anaiangalia mashine.

"Huyo ni mimi," akasema.

"Dada yangu, mji huu una migongo mingi."

"Mgongo ni wangu. Na hiyo doti ya khanga ni yangu."

"Basi hongera," Filbert akadakia, mdomo umejaa andazi. "Jioni unaning'inizwa."

Yule dada akavuta stuli, akakaa. Akapandisha nikabu. Alikuwa msichana bado. Uso mkavu, hauna wanja wala hata alama ya mafuta, masikio matupu, midomo imepasuka. Mimi nimekulia Ilala. Uso ule nimeuona kwa shangazi zangu na majirani.

"Uko eda," nikasema.

"Niko eda."

Filbert, ambaye kwao ni kanisani, akanitazama aelezwe. Nikamweleza kwa kifupi: mwanamke aliyefiwa na mume, mpaka eda yake iishe, havai cha kung'aa, hajitii manukato, hatoki nyumbani ila kwa shida ya maana. Na picha yangu imemkamata amevaa cha kung'aa, yuko nje, peke yake, ufukweni, ukubwa wa ukuta.

Mashine ikaendelea kulia. Chungwa ikaendelea kutoka.

"Zima hiyo kitu, Filbert."

Akazima.

Jina lake Waridi. Alizungumza akiangalia mikono yake. Mumewe, Taimur, alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini. Kila asubuhi kabla ya kazi alikuwa anapita Ocean Road kuzitazama meli zilizo kwenye foleni, ajue yenye mzigo wake imefika wapi. Doti ile ya chungwa aliileta Idd ikiwa inakaribia. Idd hawakuila pamoja. Alianguka kazini, akafika hospitali tayari ameshakwenda.

"Ilikuwa bado imekunjwa," Waridi akasema. "Hakuwahi kuniona nayo. Kila nikifungua sanduku naiona. Nikasema nitaivaa mara moja tu, pale alipokuwa anasimama, kisha niivue. Ni ujinga, najua."

Nikamsogezea chupa yangu ya maji.

"Mdogo wangu ameiona kwenye simu yake," akaendelea. "Wameandika itawekwa Kariakoo leo; nikauliza wanaochapa mabango, nikaelekezwa hapa. Wapi, dada?"

Nikamtajia mtaa. "Mkabala na duka la vitambaa la Mzee Hamud."

"Mzee Hamud ni baba mkwe wangu."

Filbert akaacha kutafuna.

"Lakini uso hauonekani," nikasema, na hata masikioni mwangu nikasikia ni neno la mtu anayezama.

"Dada Hajira, wale ni watu wa khanga. Mama mkwe hakutambui kwa uso, anakutambua kwa ulichovaa. Simu zao hazina picha, lakini bango wataliona, na hiyo nguo imetoka kwenye rafu yake. Mzee naye siku ya arobaini alisema mbele ya ukoo wote: atakayechezea heshima ya mwanangu atarudi kwao, na mjukuu wangu atabaki katika nyumba hii. Kwetu ni Kilwa. Dalia wangu ndiyo kwanza anatambaa." Akanyanyua macho. "Nimeaga naenda kununua dawa yake ya kikohozi. Sina muda."

Nikampigia Celina. Nikamwambia nina picha nyingine, nzuri zaidi, ya jua likichomoza.

"Hajira, usinichekeshe leo. Wageni wanakuja baada ya Alasiri. Kadi za mwaliko zina mchoro wa huyo mwanamke kwa wino mweusi, rangi wanakuja kuiona. Lete bango langu."

"Ila kuna tatizo dogo la..."

"Bango langu, Hajira." Akakata.

Nikasema basi, nilichane, litakalokuwa na liwe. Waridi akatikisa kichwa: kadi zimeshagawiwa mtaani, bango lisipotokea watu watauliza, na mtaa ukishaanza kuuliza haunyamazi mpaka upate jibu. Filbert akajifuta vidole kwenye suruali, akavuta kiti kwenye kompyuta.

"Shangazi, nakshi hii ya korosho kwenye khanga si huwa inakuja rangi nyingi?"

"Inakuja."

"Basi tatizo la nani yuko pale ni rangi. Tukiibadilisha, yule pale ni mwanamke mwingine mwenye khanga nyingine."

Nikamtazama Waridi. Waridi akaitazama chungwa kwenye kioo cha kompyuta, akaigusa kwa kidole. "Badilisheni," akasema.

Tukachagua kijani. Filbert akaizungushia khanga mstari taratibu, ukingo kwa ukingo, kila mkunjo, na mimi nimeinama begani kwake nikimsimamia: hapa umeacha, pale pamevuja, rudi kwenye pindo. Kila alipobonyeza, ile picha ilikufa kidogo. Ilibaki picha ya mwanamke mwenye khanga ya kijani kwenye siku ya mawingu, basi. Taa zikapepesa mara moja, umeme ukabaki. Waridi akashusha nikabu, akanishika mkono, akatokea ngazi za nyuma kwenda kutafuta dawa ya kikohozi.

Bango la pili likachapwa kwa haraka. Tulilikunja wino ukiwa bado unanata, nikalibeba begani mimi mwenyewe, nikipenya katikati ya mikokoteni na wauza soksi, huku wachuuzi wakinitania eti nimebeba zulia la kuzikia.

Mafundi wakapanda, wakafunga kamba, wakaliachia. Likashuka kwa kishindo kimoja na watu wakageuka kutazama. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa mtaa, karibu na mlango wa Mzee Hamud, nione macho ya pale yataona nini.

Nikaona.

Khanga ilikuwa ya kijani kweli, safi, haina kasoro. Na chini yake, kwenye mchanga uliolowa, kivuli chake kilikuwa cha chungwa.

Tulikuwa tumesahau maji. Mimi, niliyeipenda picha ile kwa ajili ya maji, nilikuwa nimekodolea macho kitambaa mpaka nikasahau kwamba mwanamke yule alikuwa pale mara mbili.

Mkono ukanishika begani, nikaruka. Celina. Amevaa gauni la chungwa, kilemba cha chungwa, hereni za chungwa.

"Rangi yangu iko wapi?"

"Si hiyo hapo, dada. Machungwa ya Tanga yakiiva si yanabaki kijani vilevile?"

Hakutabasamu hata kwa adabu. "Nimevaa hivi kwa ajili ya picha yako. Wageni wako njiani. Umeamua lini, na umemuuliza nani?"

"Celina, tulishushe. Nipe saa moja nilirekebishe."

"Ulishushe watu wakiwa wameshaliona? Libaki." Akanisogelea, akashusha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Ile safari nitampa mtu anayejua rangi."

Akavuka kurudi kwake. Nikaiona Tanga ikiondoka, Pangani ikiondoka, Mtwara ikiondoka, na wallahi sikuwa na nafasi ya kuzisikitikia, maana adhana ya Alasiri ilikuwa imeshatoka, wanaume wameelekea msikitini, na nyuma yangu nikasikia kiti kikisukumwa.

Bi Hamdiya, mke wa Mzee Hamud, alikuwa ametoka mlangoni pa duka lake. Mama wa makamo, mwembamba, mtandio mweupe, tasbihi imezungushwa kwenye kifundo cha mkono kama saa. Macho yake yalikuwa juu ya bango.

"Wewe ndiye mpiga picha?" akauliza.

"Ndiyo Bi. Shikamoo."

"Marahaba. Kijani hiki mmekitoa wapi?"

"Kijani kipi, Bi?"

"Mwenzangu, usinizungushe, mimi nauza. Nakshi hii nimeiuza mwenyewe. Ilikuja nyekundu, ikaja zambarau, ikaja chungwa kidogo sana. Kijani haikuja. Nani ameleta kijani mimi nisijue?"

Alikuwa na wivu wa biashara tu. Nikapata pumzi. "Labda imetoka Mombasa, Bi. Siku hizi mizigo inaingia kila mahali."

"Mombasa," akasema, kwa sauti ya mtu anayeionja. Akasogea mbele hatua chache akipandisha mkono kukinga jua, achunguze pindo. Nikasogea naye. Nikaanza kuropoka: habari za upepo, habari za bei ya wino, habari za jinsi ofisi ile itakavyomletea wageni wa kununua vitambaa. Maneno yalinitoka kama maji ya bomba bovu. Nikafuata macho yake. Yalikuwa yameshuka kutoka kwenye khanga, yakapita miguu ya Waridi, yakafika chini.

Yakakaa huko.

"Nguo ni kijani," akasema taratibu, "na maji yanaonyesha chungwa."

"Ni mambo ya mashine, Bi. Wino ukichanganyika..."

"Picha umepiga lini?"

"Mwaka jana," nikasema.

"Mwaka jana mzigo huu ulikuwa haujashuka."

Kwenye uzi wa tasbihi kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya punje moja. Pale mkabala, Celina alikuwa anapanga viti na kucheka na wageni wa kwanza. Mpiga debe alikuwa anaita watu wa Mbagala. Mtaa mzima unaendelea na shughuli zake, na mimi nimesimama na mama huyu nikingoja aseme jina.

"Doti za chungwa zilikuwa chache," akasema. "Moja aliichukua mwanangu. Nilimwambia hiyo ni ya kuuza, akacheka, akasema utanikata kwenye mirathi. Nilimfungia mimi mwenyewe." Akaisukuma ile punje mbele. "Usinidanganye tena. Mimi ni mtu mzima. Alikuwa na nani pale?"

"Peke yake, Bi. Naapa."

"Hakuna mtu pembeni umemkata?"

"Hakuna. Ufukwe ulikuwa mtupu."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Anaangalia meli."

Aliponisikia, alifumba macho. Si kwa muda mrefu; kama mtu aliyepitiwa na vumbi.

"Halafu?"

"Halafu akaivua, akaikunja, akaondoka. Hakukaa. Sikumwona hata uso mpaka leo."

Hilo la mwisho lilinitoka kabla sijalishika. Mpaka leo. Alifumbua macho akanitazama, na nikajua ameshaelewa safari ya dawa ya kikohozi ilipita wapi.

"Kwa hiyo kijani ni yenu nyinyi," akasema.

"Ni yetu, Bi. Lawama ni yangu. Yeye hakujua kama nipo."

Mwisho wa mtaa wanaume walianza kutokea msikitini, wawili wawili, wakivaa viatu na kusalimiana. Bi Hamdiya akageuza shingo. Mimi pia nikamwona: Mzee Hamud, kanzu imepigwa pasi, kofia ya kushonwa kwa mkono, anakuja polepole huku akizungumza na jirani. Alikuwa amesimama kumjibu mtu. Kisha akaanza tena kutembea.

"Mzee hasomi tena gazeti," Bi Hamdiya akasema, kama anayejisemea. "Lakini nguo anaiona kutoka Msimbazi."

Akaingia dukani. Nikasikia gombo la kitambaa likigonga kaunta, mkasi ukilia kwa mkato mmoja mrefu. Mimi nikabaki pale mlangoni kama mtu anayesubiri hukumu, nikifikiri amekwenda kuchukua simu, amekwenda kumwita mtu, amekwenda kulia. Akatoka na kitambaa cha bluu kimejaa mikononi mwake, bluu kali, bluu ile ile ya uongo ninayoijua mimi.

"Ngazi ya mafundi iko wapi?"

"Iko pale, Bi."

"Sasa unangoja nikupandie mimi?"

Nilivuka mtaa mbele ya bodaboda aliyenitukana mpaka babu yangu. Nikapanda. Nikafunga ncha moja kwenye kamba ya kushoto, nikashuka, nikahamisha ngazi, nikapanda kulia. Fundo la kwanza likakataa, nikalifunga upya. Nikavuta kitambaa kikatapakaa sehemu yote ya chini kwa mikunjo, kama kitanda cha harusi. Celina akatoka kwa hasira, akatazama juu.

"Na hicho nini tena?"

"Bahari!" nikamjibu kutoka ngazini. "Zawadi ya jirani. Sema ahsante, watu wanakuangalia."

Akageuka, akamwona Bi Hamdiya amesimama mlangoni kwake na mkono kifuani kama mwenye kutoa pongezi, na wageni wameanza kupiga makofi. Ikambidi apige na yeye.

Nikavuta mkunjo wa mwisho. Ulimi mdogo wa chungwa ulikuwa unachungulia karibu na ukingo, nikaufunika kwa kiganja changu mpaka nikaupatia kitambaa. Niliposhuka, Mzee Hamud alikuwa ameshafika mbele ya duka lake. Alikuwa ameinua kichwa.

Nilivuka kurudi kwa sababu miguu haikujua pa kwenda pengine. Nikasimama karibu vya kutosha kusikia.

"Hamdiya," mzee akasema, "kitambaa chetu kinafanya nini kule juu?"

"Kinatangaza duka."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Kwa ruhusa yangu. Wewe ulikuwa unaswali."

Mzee akainua macho tena. Alikuwa anatazama. Aliutazama mgongo wa Waridi mkubwa kama mlango wa ghala, akatazama upepo ulivyoingia kwenye khanga, akatazama pindo, korosho moja baada ya nyingine. Ndevu zake nyeupe zilikuwa zinasogea kidogo, kama anahesabu. Bi Hamdiya alikuwa ameshika fremu ya mlango.

"Hii nakshi," mzee akasema hatimaye, "tulikuwa nayo."

"Tulikuwa nayo."

"Kijani tulikuwa nayo?"

"Kijani haikuja."

Akatazama tena. Muda ule nilisikia kila honi ya gari Kariakoo.

"Iagize," akasema. "Imemkaa vizuri huyo mama."

Akaingia ndani, akaketi kwenye kiti chake, akaanza kulalamika chai iko wapi.

Bi Hamdiya hakumfuata. Alibaki kizingitini, amegeukia mtaa, mimi pembeni yake. Alivua simu ndogo iliyokuwa imening'inia shingoni, akaibonyeza kwa kidole gumba, akaiweka sikioni. Uso wake haukuwa mlaini. Nikaanza kuomba moyoni, dua yoyote iliyonijia, hata ya chakula.

"Waridi? Umefika nyumbani... Dalia amekunywa dawa? Haya. Sikiliza." Akashusha sauti, akatupa jicho ndani alipo mumewe. "Ile doti yako ya chungwa, iliyoko sandukuni. Ina chumvi. Ifue leo, kwa maji baridi, uitoe chumvi yote. Usiianike uani. Ianike chumbani kwangu, ufunge mlango."

Akasikiliza. Kwenye ile simu ikaja sauti, nyembamba, si ya maneno.

"Najua," Bi Hamdiya akasema. "Najua alipokuwa anasimama. Alikuwa ananipitisha pale akinipeleka kliniki." Akavuta pumzi kwa pua. "Basi. Basi, mwanangu. Fua nguo. Chumvi itakula rangi, na eda ikiisha utaitaka."

Akakata. Akairudisha simu shingoni, akaitengeneza vizuri juu ya mtandio, kisha ndipo akanigeukia.

"Ile yenye rangi yake unayo bado?"

"Ninayo, Bi. Nitaifuta leo hii."

"Nani amekwambia ufute? Nichapie ndogo, ya kukaa ndani ya msahafu. Na kitambaa changu kikishuka kule kikunje vizuri, sijakupa." Akaanza kuingia ndani, akasimama. "Na wewe siku nyingine ukimwona mtu peke yake baharini, msalimie kwanza. Anaweza kuwa na jambo la kukwambia kabla hujampiga."

"Ndiyo, Bi."

"Nenda kwenye sherehe ya watu. Umejaa vumbi la ngazi."

Nikavuka. Celina hakuniangalia, lakini mhudumu alinipa soda, na soda ni soda. Nilisimama chini ya lile bango nikiinywa, mgongo umeegemea ukuta, na kila upepo ulipopita nikapandisha mkono kwa siri na kukishikilia kile kitambaa cha bluu mahali pake.